Moshi Waenda Wapi? Somo juu ya Motokaa na Pikipiki za Umeme



Vijana waliofika Kigali wamerudi na habari ya pikipiki zisizotiwa esansi, zisizotoa moshi, wala hazipigi kelele. Wengine wamesadiki, wengine wamecheka. Somo hili lataka kueleza jambo hilo tangu mwanzo: ni pikipiki za namna gani, zinafaa nini kwa afya ya watu na kwa hali ya hewa, tena zinamgharimu nani. Ajuaye kusoma na amsomee jirani yake asiyejua, taratibu, na arudie palipo pagumu.

Kila mtu wa Luvungi aijua njia kubwa itokayo Bukavu, ishukayo kwa mlima wa Ngomo hata Kamanyola, kisha ikapita kwetu kwenda Sange na Uvira. Malori hupanda mlima ule yakitoa moshi mweusi kama wa tanuru. Pikipiki za kukodi hupita mchana kutwa, na kandokando ya njia esansi huuzwa katika chupa. Vita vikiifunga njia, bei ya chupa hupanda, na bei ya unga hupanda pamoja nayo. Ndiyo kusema kwamba hata mzee asiyepanda motokaa kamwe hulipa deni la mafuta sokoni.

Lakini deni hilo si la fedha tu. Kumbukeni jioni ya tarehe 2 Julai 2010 pale Sange. Lori la mafuta lilipinduka katikati ya makao ya watu. Mafuta yakamwagika, watu wakaja kutazama na wengine kuchota, na jirani yao vyumba vilijaa watu waliokuwa wakitazama mchezo wa mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukawaka. Zaidi ya watu 230 walikufa, watoto wengi miongoni mwao. Siwakumbushi msiba huo ili kuamsha machozi tena. Nataka tujue tu kwamba mafuta yana hatari zake hata kabla hayajaingia katika injini, nasi tumezizoea hata hatuzihesabu.

Sasa tutazame yale yatokayo baada ya mafuta kuungua.

Esansi na mazuti hutoka chini ya ardhi. Ndani ya injini huungua kidogo kidogo, upesi sana, na nguvu ya moto huo husukuma magurudumu. Kila kiunguacho huacha kitu. Kitu cha kwanza ni moshi wenyewe, yaani masizi. Katika masizi yale mna chembe ndogo mno. Ukizipanga chembe kama 25 kandokando, ndipo utapata upana wa unywele mmoja. Kwa udogo wake hazizuiwi na pua wala koo. Hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, na nyingine hupenya katika damu. Hapo huleta pumu, hudhoofisha moyo, na huzidisha kikohozi cha watoto. Mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani, wenye makao yao Lyon katika nchi ya Ufaransa, walitamka wazi kwamba moshi wa mazuti huleta kansa. Shirika hilo lahesabu kwamba mwaka 2019 uchafu wa hewa ya nje uliwaua kabla ya wakati wao watu kama milioni 4 na laki 2 duniani. Si wote waliouawa na motokaa, kwani viwanda na moto wa mashamba vimo pia. Lakini mijini motokaa zina sehemu kubwa.

Kitu cha pili ni hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo hutoka injini ikiungua vibaya. Mtu akiivuta katika nyumba iliyofungwa hulala usingizi asiamke tena. Kwa hiyo msiwashe kamwe pikipiki wala jenereta ndani ya nyumba, hata mvua inyeshe namna gani.

Swali: Je, serikali za dunia haziwezi kuyasafisha mafuta yenyewe?

Jibu: Zaweza kwa sehemu, na zimekwisha kufanya. Zamani esansi ilitiwa madini ya risasi ili injini isigonge. Risasi hiyo ilitoka pamoja na moshi, ikaharibu akili za watoto. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliiacha mpaka mwanzo wa mwaka 2006, na Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani, iliiacha mwaka 2021. Hiyo ni kazi njema sana, ambayo wachache wanaijua. Lakini hata esansi iliyo safi kabisa, ikiungua, hutoa kitu cha tatu, na hicho hakiwezi kusafishwa.

Kitu hicho cha tatu ni hewa ya ukaa. Haina rangi, haina harufu, tena haimwumizi mtu avutaye kidogo. Hata sisi twaitoa tukipumua. Ubaya wake uko katika wingi. Lita moja ya esansi ikiungua hutoa hewa ya ukaa yenye uzito wa kilo 2 na gramu 300 hivi; lita ya mazuti hutoa kilo 2 na gramu 700 hivi.

Swali: Lita moja ya esansi ina uzito wa robo tatu tu za kilo. Yawezaje kutoa hewa yenye uzito wa zaidi ya kilo 2?

Jibu: Kwa sababu ukaa ulio ndani ya esansi hauondoki peke yake. Ukiungua, hushikana na hewa ya oksijeni tunayoivuta sisi, na oksijeni hiyo ina uzito kuliko ukaa wenyewe zaidi ya mara mbili. Motokaa haitoi tu kile ilichokibeba tangini. Inaongeza na hewa iliyoikuta njiani.

Tufanye hesabu. Mwenye pikipiki ya kukodi akitumia lita 3 kwa siku, ametoa karibu kilo 7. Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, amefikia kilo 2,000 na zaidi. Huyo ni mtu mmoja. Hesabuni basi motokaa za dunia nzima, ambazo ni zaidi ya milioni elfu.

Hewa hiyo hukaa juu miaka mamia. Hufanya kazi kama blanketi: huliacha jua liingie, lakini joto la ardhi linapotaka kutoka usiku, hulizuia. Tangu karne ya 19 dunia imekwisha kupata joto zaidi ya digrii 1. Mtu atasema, digrii moja ni nini? Hewa ikipata digrii moja zaidi yaweza kubeba maji zaidi, kama sehemu 7 kwa kila 100, nayo maji hayo yakishuka hushuka kwa nguvu. Mnaikumbuka gharika ya Uvira ya Aprili 2020. Mnakumbuka pia Mei 2023 katika Kalehe, ambako zaidi ya watu 400 walizikwa na maji na matope huko Bushushu na Nyamukubi. Hakuna mwenye haki ya kusema kwamba mvua moja fulani ililetwa na motokaa. Miti iliyokatwa milimani na nyumba zilizojengwa kando ya mito zina sehemu yake. Lakini mvua nzito huzidi kuwa nyingi pale hewa inapozidi joto, na jambo hilo wataalamu wamelipima.

Ziwa Tanganyika nalo limepata joto. Maji ya juu yakiwa moto na mepesi, hayachanganyiki vema na maji ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki hupungua. Wataalamu waliyaandika hayo tangu mwaka 2003. Basi mama anayeshangaa kwamba ndagala wamekuwa ghali asilaumu wavuvi peke yao, ingawa nyavu zenye matundu madogo zimeharibu sana.

Haki yatutaka tuseme neno jingine hapa. Afrika nzima hutoa chini ya sehemu 4 katika 100 za hewa ya ukaa inayotolewa na mafuta na makaa ya mawe duniani. Mkulima wa mpunga wa bonde la Ruzizi hana deni kubwa katika jambo hili. Wanaodaiwa zaidi ni nchi tajiri zilizochoma mafuta na makaa ya mawe tangu zamani. Hata hivyo gharika haiulizi nani aliyekosa.

Sasa tuitazame pikipiki ya umeme. Haina tangi, haina bomba la moshi. Ina betri kubwa na mota inayozungusha gurudumu. Injini ya esansi hupoteza nguvu nyingi kwa joto: katika sehemu 100 za nguvu iliyomo ndani ya mafuta, 20 au 30 tu ndizo hufika magurudumuni. Mota ya umeme huzifikisha zaidi ya 75. Ndiyo maana mota haiunguzi mguu wa abiria.

Mjini Kigali kampuni inayoitwa Ampersand ilianza kuzitembeza mwaka 2019. Dereva hangoji betri ijae. Hufika kituoni, huacha iliyokwisha, huchukua iliyojaa, akaenda zake baada ya dakika chache. Tangu Januari 2025 serikali ya Rwanda haiandikishi tena pikipiki mpya za esansi kwa kazi ya kubeba abiria mjini humo. Huko Nairobi mabasi ya umeme yalianza kubeba watu mwaka 2022. Nchi ya Ethiopia ilikwenda mbali kuliko zote, kwani mwaka 2024 ilikataza kuingiza motokaa za mafuta.

Lakini lazima tuulize swali lililo juu ya ukurasa huu. Moshi waenda wapi? Kama umeme watoka katika kiwanda kinachochoma makaa ya mawe, basi moshi haukufa, umehama tu kutoka bomba la motokaa hadi bomba la kiwanda. Mtu wa mjini amepona pumzi, jirani wa kiwanda ameipokea. Hata hivyo, ukihesabu yote, pamoja na kazi ya kutengeneza betri, ambayo nayo huchoma mafuta mengi, motokaa ya umeme kwa wastani wa dunia hutoa katika maisha yake karibu nusu tu ya hewa ya ukaa inayotolewa na motokaa ya esansi. Palipo na umeme wa maji hutoa kidogo zaidi tena.

Na umeme wetu ni wa maji. Mto Ruzizi, unaopita karibu nasi, wafanya kazi hiyo tangu mwisho wa miaka ya 1950, lilipojengwa bwawa la kwanza karibu na Bukavu. Bwawa la pili lilianza kazi mwaka 1989, na umeme wake wagawanywa na Kongo, Rwanda na Burundi. La tatu limepangwa upande wa Kamanyola. Hata hivyo, katika Kongo nzima mtu mmoja tu kati ya watano hivi ndiye mwenye umeme, na vijijini karibu hakuna. Maji yatoa nuru yakipita mbele yetu, nasi twasoma kwa taa. Mwenye kuhubiri pikipiki za umeme asiyeanza na nguzo na nyaya amejenga nyumba kwa kuanza na paa.

Swali: Je, kijijini pasipo nyaya haiwezekani kabisa?

Jibu: Yawezekana kwa jua. Pikipiki ya umeme hutumia kama uniti 3 kwa kilomita 100. Paneli moja kubwa ya wati 400, ikipata jua zuri saa 5, yatoa uniti 2. Basi paneli mbili zaweza kuirudisha pikipiki kutoka Luvungi hadi Uvira na kurudi, siku ya jua. Siku ya mvua haziwezi. Tena ni lazima kuwe na fundi ajuaye betri, na kifaa cha kuilinda, na fedha ya kununulia vyote kwa mara moja, kumbe esansi hununuliwa chupa kwa chupa. Hapo ndipo wengi watakwama.

Nisiwadanganye katika jambo jingine. Kama mwataka kujua ni moshi gani unaowaua watu zaidi katika vijiji vyetu, si ule wa njiani. Ni ule wa jikoni. Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3 na laki 2 duniani, na katika hao watoto wadogo walikuwa wengi. Mama apikaye kwa kuni katika nyumba isiyo na dirisha, mtoto mgongoni, huvuta masizi kuliko askari asimamaye katikati ya magari mjini. Umeme ukifika kijijini, mimi ningependa ufike kwanza jikoni na katika nyumba ya wazazi hospitalini, kisha katika pikipiki. Pia vumbi la njia ya udongo litabaki vilevile, maana gurudumu ni gurudumu.

Tufike sasa penye uchungu. Betri hutengenezwa kwa nini?

Betri nyingi za motokaa zina madini ya kobalti. Simu ya mkononi yahitaji gramu chache tu. Motokaa moja yaweza kuhitaji kilo kadhaa. Na kobalti ya dunia yatoka wapi? Sehemu kama 70 katika kila 100 zatoka Kongo, katika nchi ya Katanga ya zamani, upande wa Kolwezi na Likasi. Nyingine huchimbwa kwa mashine kubwa, nyingine kwa sururu na mikono. Wachimbaji wa mikono hushuka katika mashimo yasiyo na nguzo. Mashimo hubomoka, watu hufa humo. Watoto wameonekana wakichagua mawe na kuyaosha mitoni.

Katika mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, watu walichimba ndani ya viwanja vyao, hata chini ya sakafu walizolalia. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven katika nchi ya Ubelgiji walipima damu na mkojo wa watu wa mtaa huo, wakatangaza matokeo mwaka 2018. Mkojo wa watoto wa pale ulikuwa na kobalti kama mara 10 kuliko wa watoto wanaokaa mbali na machimbo. Mwaka 2020 yakatangazwa mengine kutoka Lubumbashi: watoto ambao baba zao walifanya kazi katika migodi walizaliwa na vilema mara nyingi zaidi kuliko wengine. Vumbi la mgodi hufuata nguo, hufika nyumbani, huingia chakulani.

Basi tazameni jinsi mambo yanavyofungamana. Mtoto wa Paris au wa Beijing avuta hewa safi zaidi kwa sababu ya motokaa isiyo na moshi, na mtoto wa Kolwezi avuta vumbi la jiwe lililoitengeneza. Wote wawili wana mapafu ya namna moja.

Swali: Je, si afadhali basi kubaki na esansi?

Jibu: Hapana, kwa sababu mbili. Kwanza, mafuta nayo huwatesa watu pale yachimbwapo. Waulizeni watu wa mlango wa mto Niger, huko Nigeria, ambao maji na mashamba yao yameharibiwa kwa mafuta yanayomwagika. Pili, esansi ikichomwa imekwisha, kesho lazima uchimbe nyingine. Jiwe la betri halichomwi. Lakaa ndani ya betri, na betri ikizeeka jiwe laweza kutolewa na kuyeyushwa kwa betri mpya. Mgodi wa mafuta haushibi kamwe. Mgodi wa kobalti waweza siku moja kupunguzwa. Tena mafundi wamekwisha kutengeneza betri za chuma na fosfeti zisizo na kobalti hata kidogo, na mwaka 2024 zilikuwa karibu nusu ya betri zote za motokaa za umeme zilizouzwa duniani. Pikipiki nyingi za umeme zaweza kutumia namna hiyo. Lakini hilo halimwondolei mnunuzi wajibu wa kuuliza, wala serikali wajibu wa kuwalinda wachimbaji, kuwapa mashimo salama na kuwatoa watoto humo. Kuiacha kobalti bila kumtunza aliyeichimba ni kumnyang'anya kazi baada ya kumnyang'anya afya.

Mwisho, neno juu ya betri zilizokufa, maana hizo zimekwisha kufika Luvungi kabla ya pikipiki za umeme. Betri za zamani za motokaa na za paneli za jua zina risasi na maji makali ya asidi. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar katika nchi ya Senegal, watu walivunja betri za motokaa na kuchekecha udongo ili kupata risasi ya kuuza. Kuanzia mwisho wa mwaka 2007 hadi mwaka 2008 watoto 18 walikufa kwa sumu hiyo. Kwa hiyo betri ya namna hiyo haivunjwi nyumbani, maji yake hayamwagwi shambani wala kisimani, na risasi yake haiyeyushwi jikoni ili kutengeneza vizito vya nyavu. Huuzwa nzima kwa mnunuzi anayeipeleka kiwandani. Betri mpya za litiamu hazina risasi, lakini zikivimba au zikitobolewa huwaka moto mkali ambao ndoo moja ya maji haiuzimi. Betri iliyovimba itolewe nje, mbali na nyumba ya nyasi, na watoto wakae mbali nayo mpaka fundi aje.